Moshi wa Gari la Fahari

Kila kitu kinunuliwacho kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huchukuliwa na mnunuzi kwenda nayo nyumbani, nayo ndiyo aliyoilipia. Sehemu ya pili huachwa nje, ikagawiwa majirani bila ya kuulizwa kama waitaka. Mwenye ng'ombe hunywa maziwa, na mtaa mzima hunusa samadi. Mwenye ngoma hucheza, na mgonjwa wa nyumba ya pili hukesha. Katika vyombo vya zama hizi ni vichache vionyeshavyo mgawanyo huu kwa uwazi kama gari kubwa la fahari liendeshwalo kwa dizeli: gari refu la kimo, zito la mwili, lenye viti vya ngozi na magurudumu yawezayo kupanda majabali, ambalo siku nyingi za maisha yake hupanda kitu kimoja tu, nacho ni ukingo wa maegesho. Mwenyewe huketi ndani pamoja na ubaridi, muziki na ukimya. Moshi hubaki nyuma kwa wapita njia.

Habari ya gari hili ni habari ya matakwa mawili yaliyokutana katika njia nyembamba. Moja ni takwa la mnunuzi, na la pili ni takwa la sheria. Mnunuzi hutaka nguvu, masafa, starehe na heshima. Sheria hutaka hewa ivutwe bila ya kudhuru. Hakuna katika matakwa haya lililo ovu kwa asili yake. Uovu uliingia pale walipotokea watu waliodhani kuwa wanaweza kuyatimiza yote mawili bila ya mtu yeyote kuinama, kana kwamba hawakupata kusikia kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Injini ya dizeli ilichukua jina la aliyeibuni, Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi wa Kijerumani. Hati ya uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1893, na injini yake iliyotenda kazi sawasawa ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Siri yake ni nyepesi kuisimulia. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali. Kisha mafuta hurushwa humo, yakawaka yenyewe bila ya cheche. Injini ya mwaka 1897 iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, kiasi ambacho mashine za mvuke za siku hizo hazikukifikia. Mvumbuzi alitoweka baharini mwezi wa Septemba 1913, alipokuwa safarini kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Hakuwahi kuiona injini yake ndani ya gari la abiria la kuuzwa kwa watu. Jambo hilo lilingoja mpaka mwaka 1936, ilipotoka Mercedes-Benz 260 D.

Gari la porini nalo lilikuwa na mwanzo wa unyenyekevu. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lilikuwa gari la mkulima: la kuvuta, kubeba na kupita matopeni. Lilipewa injini ya dizeli mwaka 1957. Japani nayo ilikuwa imeanza kuunda gari la namna hiyo mwaka 1951, likaitwa Land Cruiser tangu mwaka 1954. Magari haya yalipofika Afrika ya Mashariki yalipokewa kama watumishi, si kama mabwana. Yaliwachukua waganga, wapimaji wa ardhi na walinzi wa wanyama. Yalilala nje, yalikula vumbi, na yalipoharibika fundi wa kijijini aliweza kuyatibu kwa spana chache na subira nyingi.

Mtumishi huyu alipanda daraja taratibu. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa bado na sakafu ya kuoshwa kwa maji, kwa maana waliounda walitazamia viatu vyenye tope. Baadaye likaja zulia, ikaja ngozi, ukaja ubao uliong'arishwa. Na ilipofika mwaka 1986 ikaja injini ya dizeli. BMW ilileta X5 mwaka 1999. Porsche ilileta Cayenne na Volkswagen ikaleta Touareg mwaka 2002. Audi ikafuata na Q7 mwaka 2005. Mwaka 2008 Audi ilitia ndani ya Q7 injini ya dizeli ya lita sita na silinda kumi na mbili, yenye msokoto wa Nyuta-mita 1,000. Hiyo ilikuwa nguvu ya lori katika mwili wa sebule. Tanzania, ambako lugha haikawii kumvisha mtu joho lake, gari kubwa la wakubwa liliitwa shangingi, neno lilelile wanaloitiwa wanawake wajanja wapendao anasa na makuu. Jina hilo halikutolewa na wahandisi. Lilitolewa na watu waliosimama kando ya barabara.

Si haki kumdhihaki mnunuzi kabla ya kumsikiliza. Dizeli ilimpa faida za kweli. Kwa lita moja ya mafuta alikwenda mbali kuliko mwenye gari la petroli la uzito uleule. Nguvu ya injini ilimfikia mapema, wakati mzunguko ungali wa polepole, na hiyo ndiyo nguvu itakiwayo na mtu avutaye mashua, farasi au tela, na mtu apandaye mlima akiwa na shehena. Tangi likijaa mara moja aliweza kuvuka nchi. Zaidi ya hayo, serikali nyingi za Ulaya zilimshika mkono na kumvuta upande huo. Kwa kuwa dizeli hutoa kaboni dayoksaidi chache kwa kila kilometa, ilisifiwa kuwa rafiki wa tabia ya nchi. Uingereza, tangu mwaka 2001, iliweka kodi ya barabara kwa kipimo cha gesi hiyo, na mwenye dizeli akapata nafuu. Mnamo mwaka 2015 zaidi ya nusu ya magari mapya katika Umoja wa Ulaya yalikuwa ya dizeli. Mnunuzi aliyeambiwa na muuzaji kuwa atapata nguvu, na na serikali kuwa atapata nafuu, na na gazeti kuwa anaokoa dunia, alikuwa na sababu gani ya kukataa?

Lakini sheria ile ya kodi ilitazama kwa jicho moja. Iliona gesi moja na kuacha nyingine. Joto kali liipalo dizeli nguvu yake ndilo liunganishalo nitrojeni na oksijeni za hewani, zikawa oksidi ambazo huwasha njia za pumzi na kumzidishia mgonjwa wa pumu maradhi yake. Tena mafuta yasiyoungua vema huwa masizi, chembe ndogo mno zipenyazo mpaka ndani ya mapafu. Mhandisi akipunguza joto, oksidi hupungua lakini masizi huzidi. Akizidisha joto, masizi hupungua lakini oksidi huzidi. Akiziba huku, huvuja kule. Mwezi wa Juni 1912 ungalipita bila ya mtu kulijua jambo hili. Mwezi wa Juni 2012 haukuwa hivyo, kwa maana ndipo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulipoutia moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuwa huleta saratani kwa binadamu.

Sheria za moshi wenyewe zilikuja hatua kwa hatua. Marekani ilikuwa na Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970, na Ulaya ilianza kipimo chake cha kwanza, Euro 1, mwaka 1992. Kipimo cha Euro 5, kilichoanza mwaka 2009, kiliruhusu gari la dizeli kutoa gramu 0.18 za oksidi za nitrojeni kwa kila kilometa. Euro 6, tangu mwaka 2014, kikashusha mpaka gramu 0.08. Marekani ilikuwa kali zaidi. Wastani wa gramu 0.07 kwa maili, ambao ni kama gramu 0.04 kwa kilometa, ndio uliotakiwa. Hivi gari la fahari lililopita kwa amani barabara za Ujerumani mwaka 2009 halikuweza kushuka pwani ya Marekani mpaka moshi wake upunguzwe hata robo moja ya kile lilichoruhusiwa kwao.

Dawa ya maradhi haya ilikuwapo na ilijulikana. Ni maji yaliyotiwa yurea, asilimia 32.5 kwa kipimo, yauzwayo Ulaya kwa jina la AdBlue. Maji haya huwekwa katika tangi lake pekee, hunyunyizwa katika bomba la moshi, yakageuka amonia. Amonia hukutana na oksidi, na vitokavyo mwisho ni nitrojeni na maji, vitu viwili ambavyo havimdhuru mtu. Dawa hii ina sharti moja lililo sharti la dawa zote: itolewe kwa kipimo kamili. Mgonjwa apewaye nusu ya dawa ili chupa idumu hajatibiwa, amebembelezwa.

Hapa ndipo panapopatikana kiini cha jambo lote, nacho ni kidogo kiasi cha kuaibisha. Gari kubwa hula dawa nyingi. Ili dawa itoshe, tangi sharti liwe kubwa, na tangi kubwa hupunguza nafasi ya vitu vingine ndani ya gari ambalo limeuzwa kwa sifa ya nafasi yake. Tangi likiwa dogo, mwenye gari itambidi aongeze dawa katikati ya miezi. Wenye biashara walipenda dawa idumu mpaka siku ya matengenezo, yaani kila baada ya maili 10,000, kiasi cha kilometa 16,000, ili mnunuzi asijue hata kwamba dawa ipo. Kesi zilizofuata mahakamani zilidhihirisha njia iliyochaguliwa katika magari ya Volkswagen na Audi yenye injini ya lita tatu, mashangingi yale ya Touareg, Q7 na, kwa injini hiyohiyo, Cayenne. Tangi halikuongezwa. Mnunuzi hakuambiwa. Kilichopunguzwa ni dawa.

Kupunguza huko kulifanywa kwa akili ambayo ingestahili kazi njema kuliko hiyo. Shirika la kulinda mazingira la Marekani lilitangaza tarehe 2 Novemba 2015 lilichokikuta ndani ya kompyuta za magari hayo. Gari lilipowashwa katika hali ifananayo na ya kupimwa, lilianza kwa adabu na kutoa dawa sawasawa. Lilihesabu sekunde 1,370, ambazo ni urefu wa sehemu za mwanzo za jaribio la serikali, pungufu kidogo ya dakika ishirini na tatu. Sekunde moja baada ya hapo lilianza kurudia tabia yake, na oksidi zake zikapanda hata mara tisa ya kiasi kilichoruhusiwa. Chuma hakina haya, wala hakijui kusema uongo. Lakini kilifundishwa kutambua jicho la mkaguzi na kulitofautisha na macho ya watu wengine. Kila jamii inao watu wa namna hiyo, waswalio kwa sauti mbele ya mgeni. Jipya lilikuwa kwamba tabia hiyo ilitiwa katika mashine, ikauzwa pamoja na dhamana.

Siri hii haikufichuliwa na polisi wala na mshindani wa biashara. Ilifichuliwa na watu waliokuwa wakitafuta sifa za dizeli. Baraza la kimataifa la usafiri safi lilitaka kuonyesha Ulaya kuwa dizeli za Marekani, chini ya sheria kali, ni safi kweli barabarani. Likawapa kazi watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Mwaka 2013 watafiti hao walichukua magari matatu, Volkswagen Jetta, Volkswagen Passat na BMW X5, wakafunga vipimo ndani ya buti na kuyaendesha katika barabara za California; Passat waliipeleka kutoka Los Angeles hata Seattle. Taarifa yao ilitoka mwaka 2014. Katika maabara ya serikali ya California magari yalikuwa yametii sheria. Barabarani Jetta ilitoa oksidi mara 15 hata 35 ya kiasi kilichoruhusiwa, na Passat mara 5 hata 20. Waliotafuta sifa walikuta aibu.

Gari la tatu halikuwa na aibu hiyo. BMW X5, kubwa na zito kuliko wenzake wawili, lenye anasa zote ambazo mnunuzi wa mashangingi huzitafuta, lilibaki kwa jumla ndani ya mpaka wa sheria, isipokuwa katika milima. Jambo hili husahauliwa upesi na wasimuliaji, nalo ndilo zito kupita yote. Laiti magari yote matatu yangalishindwa, watu wangaliweza kusema kuwa sheria ilidai lisilowezekana, na kwamba ni vigumu kumridhisha mnunuzi wa fahari bila ya kuwachafulia wengine hewa. Lakini liwezekanalo kwa mmoja haliwi muhali kwa mwingine. Uongo wa wale wengine haukuwa msaada wa mtu aliyezama. Ulikuwa uvivu wa mtu aliyeona daraja akaona pia kuwa lina ushuru.

Adhabu zilikuwa kubwa. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka juu ya magari madogo ya dizeli yapatayo 482,000, na Volkswagen ikakiri kuwa programu hiyo imo katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Mkuu wa kampuni alijiuzulu siku tano baadaye. Mashangingi ya lita tatu, yapatayo 80,000 katika Marekani, yaliingia katika mapatano yaliyothibitishwa na mahakama mwaka 2017. Mengine yalinunuliwa tena na kampuni, mengine yakatengenezwa. Mwaka huohuo kampuni ilikiri hatia ya jinai na kutozwa dola bilioni 2.8. Lakini avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Fiat Chrysler ilifanya mapatano mwaka 2019 juu ya dizeli za Jeep Grand Cherokee na malori mepesi ya Ram, na mwaka 2022 tawi lake la Marekani likakiri hatia. Daimler, wenye Mercedes-Benz, ilikubali mwaka 2020 kulipa kiasi cha dola bilioni 1.5 kwa serikali, bila ya kukiri kosa. Nako Japani, Januari 2024, kampuni ya Toyota Industries ilitangaza kuwa vipimo vya nguvu vya injini tatu za dizeli vilifanywa kwa programu isiyo ile iliyotiwa katika magari ya kuuzwa, ili hesabu zionekane laini; upelekaji wa magari kumi tofauti ulisimamishwa kwa muda, na Land Cruiser 300 ilikuwa miongoni mwao. Kosa hilo la mwisho si la moshi, wala halina uzito uleule. Lakini mbegu yake ni moja. Ni kutaka cheti kiwe kizuri kuliko kitu chenyewe.

Yuko wapi mnunuzi katika hesabu hii? Wengine humwita mdhulumiwa, na kweli alidhulumiwa: alilipia gari safi akapewa chafu, na siku habari ilipotoka thamani ya mali yake ikashuka usiku mmoja. Wengine humwita mshiriki, kwa kuwa tamaa yake ndiyo iliyoanzisha yote. Kauli zote mbili zina sehemu ya haki, lakini zote zinapita mbali na swali lililokuwa mezani. Mnunuzi hakuulizwa. Hakuna aliyemwambia: gari hili litakutaka uliongezee dawa mara chache kwa mwaka, au litakutaka uache sehemu ya buti, je, wakubali? Wenye viwanda walimjibia. Walimkadiria kuwa mtu asiyeweza kubeba usumbufu wa dakika tano, wakaona ni afadhali maelfu ya watu wengine wavute hewa mbaya kuliko yeye kufungua kizibo. Miaka michache baadaye maji ya yurea yalikuwa yakiuzwa katika vituo vya mafuta kote Ulaya, kando ya pampu ya dizeli, na wenye magari wakijaza wenyewe bila ya manung'uniko. Kumbe alichoogopewa mnunuzi ni kitu ambacho angalikifanya bila ya kulalamika. Wale waliojidai kuwa watumishi wa mteja walikuwa wamemdhania udogo kuliko alivyo.

Wako wengine ambao pia hawakuulizwa, nao hawakununua kitu. Mwezi wa Februari 2013 alifariki mtoto wa kike wa miaka tisa katika Lewisham, kusini-mashariki ya London, aliyeishi karibu na barabara kubwa yenye msongamano na kuugua pumu kali. Mwezi wa Desemba 2020 mchunguzi wa vifo wa serikali aliamua kuwa uchafu wa hewa ulichangia kifo chake, uamuzi wa kwanza wa namna hiyo katika Uingereza. Hapana awezaye kusema ni gari gani lililopita siku gani, wala ni mwenye gari yupi. Ubaya wa moshi ndio huo, kwamba hauna jina la mwenyewe. Mwizi huacha nyayo; moshi hupita katika kifua cha mtu, na aliyeutoa amekwisha fika kwake, analaza gari lake na kuwabusu watoto wake. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa wema wa kila mtu peke yake. Mtu mwema hawezi kujizuia kutenda asichokiona. Sheria ndiyo iliyowekwa ione kwa niaba yake.

Basi sheria nayo sharti ikaguliwe kama ikaguavyo wengine. Ulaya kwa miaka mingi ilipima magari ndani ya nyumba, juu ya magurudumu ya chuma, katika mwendo uliojulikana na kila mhandisi kabla ya siku yenyewe. Mwanafunzi apewaye maswali ya mtihani mwezi mmoja mbele si ajabu akifaulu. Ajabu ni mwalimu ashangaaye baadaye kuwa hajui. Tangu Septemba 2017 Ulaya ilianza kutaka magari mapya yapimwe pia barabarani, na vipimo vikiwa vimefungwa nyuma ya gari, kama walivyofanya wale wa West Virginia. London iliweka eneo la ushuru tarehe 8 Aprili 2019, na kulipanua hata mitaa yote ya mji tarehe 29 Agosti 2023. Dizeli isiyofikia Euro 6 ilitozwa pauni 12.50 kwa siku. Paris iliwauliza wakazi wake tarehe 4 Februari 2024 kama magari mazito yalipe mara tatu ya ada ya maegesho. Waliokwenda kupiga kura walikuwa wachache, chini ya sita katika kila mia, na walio wengi kati yao wakasema ndiyo. Katika nchi nyingine watu walifurahi, katika nyingine walinung'unika kuwa maskini mwenye gari kuukuu ndiye anayeumizwa kuliko tajiri awezaye kununua jipya. Manung'uniko hayo si ya kupuuzwa. Sheria imwumizayo aliye dhaifu zaidi itakuwa na maadui hata miongoni mwa walioombewa nafuu.

Ziko nchi ambazo swali hili huwafikia baada ya miaka, pamoja na gari lenyewe. Mashangingi mengi ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala yalianza maisha Japani au Uingereza, yakavuka bahari yakiwa yametumika. Kenya hukataza gari lililozidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Lakini umri si moshi. Gari la miaka saba lenye kichujio cha masizi ni safi kuliko gari jipya lisilo nacho, na kichujio hicho hutaka mafuta yaliyoondolewa salfa. Umoja wa Ulaya umelazimisha salfa isizidi sehemu 10 katika milioni tangu mwaka 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishuka hata sehemu 50 mwanzoni mwa mwaka 2015, hatua kubwa kwa nchi zilizokuwa zikichoma mafuta machafu mara nyingi kuliko hayo, lakini bado mara tano ya kipimo ambacho magari ya Euro 5 na Euro 6 yaliundiwa. Kichujio kikiziba, taa huwaka mbele ya dereva, gari likapoteza nguvu. Mwenye gari huenda gereji, na wako mafundi walio tayari kukikata, kukitupa, na kuifundisha kompyuta isikiulizie tena. Gari hupata nguvu, mwenyewe hufurahi, na kazi ya wahandisi na watunga sheria huishia katika pipa la taka. Kilichofanywa na kampuni kwa siri katika mamia ya maelfu ya magari hufanywa hapo kwa uwazi, gari moja moja, kwa bei ya mapatano.

Wala si sahihi kumlaumu fundi huyo kana kwamba yeye ndiye chanzo. Aliletewa gari lililoundwa kwa mafuta ambayo nchi haina, na mtu anayetaka lije liende. Aendeshaye Land Cruiser ya namba 70, iliyotengenezwa tangu mwaka 1984 bila ya mambo mengi, ili afike zahanati iliyo ng'ambo ya mto, anayo hoja ambayo mwenye shangingi la kwenda ofisini hana. Sheria yenye busara hutambua tofauti ya haja na fahari, hushughulika na mafuta kabla ya kumshughulikia dereva, na hutazama kinachotoka katika bomba kuliko kilichoandikwa katika hati.

Waliotabiri kuwa tamaa ya gari kubwa la dizeli itakufa hawakuijua tamaa. Porsche ilitangaza mwaka 2018 kuwa haitauza dizeli tena. Land Rover Defender ya zamani, mjukuu wa lile gari la aluminiamu la 1948, ilitoka kiwandani mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016, na sheria za moshi na za usalama zilikuwa miongoni mwa vilivyoiondoa. Lakini Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, yenye dizeli ya silinda sita, waliotaka walikuwa wengi hata Toyota ikawatangazia Wajapani mwanzoni mwa mwaka 2022 kuwa gari laweza kungojewa miaka minne. Mtu awezaye kungoja miaka minne kwa ajili ya gari hawezi kuambiwa kuwa hana subira ya kujaza tangi la dawa.

Huo ndio uhakika wenye faraja katika habari hii yote. Mnunuzi hubeba zaidi ya anavyodhaniwa na muuzaji. Hulipa kodi, hungoja zamu, hujifunza vitufe vingi kuliko vya meli, na kama akiambiwa kweli kuwa hewa ya jirani ina bei, aghalabu huilipa, ama kwa kupenda, ama kwa kuona kuwa wenzake wote wanalipa. Asichoweza kukilipa ni bei iliyofichwa. Kwa hiyo aingiaye dukani, awe Stuttgart au Mombasa, baada ya kuuliza nguvu za injini, mwendo wa lita moja na ulaini wa viti, ana haki ya kuuliza jambo moja zaidi, nalo ni gari hili huendaje wakati halipimwi. Muuzaji akiweza kujibu bila ya kutazama pembeni, biashara na ifanywe.